Afya ya akili ya watoto si kazi ya madaktari bingwa peke yao

Hapa Dar es Salaam walimu, wauguzi na viongozi wa vikundi vya vijana wengi huamini kwamba mafunzo na ruzuku za afya ya akili ya watoto ni za madaktari bingwa tu. Imani hiyo ni ya siku nyingi, na inatunyima watu tunaowahitaji mno.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mhGAP, ulioandikwa mahususi kwa wahudumu wasio mabingwa, na una sehemu ya watoto na vijana. Kwa jirani zetu Kenya, taasisi ya Shamiri hufundisha vijana waliomaliza sekondari waongoze vikao vya makundi shuleni. Utafiti kuhusu vikao hivyo uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Mabingwa bado ni wa lazima, hasa mtoto anapozungumzia kujiua, na Muhimbili huwafundisha.

Kuhusu fedha, mpango wa kimataifa wa Being, unaofadhili afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 24, umeiweka Tanzania kati ya nchi zake za kipaumbele. Someni masharti ya kila tangazo la ruzuku au mafunzo kabla ya kujiondoa wenyewe.