Unaandika Ukiwa Safarini? Kodi Bado Inakuhusu

Juni 30, tarehe ya kulipa awamu ya kodi, inakaribia, na mezani kwetu Bagamoyo wanazidi kufika waandishi wanaolipwa kwa intaneti huku wakisafiri mwaka mzima. Nia yao ni njema, ila wengi huja na kauli ileile: "Sikai mahali pamoja, kwa hiyo sidaiwi popote." Si kweli.

Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, mwenye makazi ya kudumu Tanzania akiwapo nchini sehemu yoyote ya mwaka, ni mkaazi kwa mwaka huo. Mwandishi mmoja alinifungulia pasipoti iliyojaa mihuri, akahesabu kwa kidole: mwaka mzima alirudi siku 9 tu, kula Idi na mama yake katika mtaa wa Dunda, hapa Bagamoyo. Nyumba ya Dunda ni yake, kitanda na vitabu vyake vimo. Siku 9 hizo zinatosha. Asiye na makazi hayo huhesabiwa siku: zikifika 183 ndani ya mwaka, hata kama zilikatikakatika, naye ni mkaazi.

Mtanzania mkaazi hutangaza kipato chake chote, hata kilicholipwa na mteja wa Ujerumani. Na tafadhali, makato ya kampuni inayokutumia fedha si kodi. Nalirudia hili kila wiki. Kama nchi nyingine ilikukata kodi halisi, leta hati yake, kwa sababu sheria inaruhusu unafuu.

Utaratibu ni huu: omba TIN, yaani namba ya mlipakodi, ndani ya siku 15 tangu kuanza biashara, na ni bure. Kodi unayokadiria kwa mwaka hulipwa kwa awamu nne: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha. Ukichelewa, kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, adhabu ni asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa au pointi 5 za fedha (kipimo cha kisheria cha kukokotoa adhabu), kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Risiti ya bando la kazi tunaipokea. Nauli ya matembezi hapana.

Mgeni aanzie Uhamiaji, maana viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi.

Ukija, njoo na pasipoti na taarifa za benki za mwaka mzima. Tutahesabu pamoja.