Kijuma, Kijumwa na kazi ya kuunganisha miswada yetu

Mwezi uliopita nililetewa majedwali mawili kutoka maktaba mbili, niyafanye orodha moja ya miswada ya Kiswahili iliyopigwa picha. Nilipoiagiza kompyuta ihesabu wanakili, ikaniletea watu watatu: Muhammad Kijuma, Muhamadi Kijumwa na Muhammad bin Abubakar. Mtu aliyezoea miswada ya Lamu anajua papo hapo kwamba huyo ni mmoja: mshairi, mchongaji na bingwa wa khati aliyefariki mwaka 1945. Kompyuta haijui habari za Lamu. Inalinganisha herufi, na herufi hazikulingana.

Nimemchagua Kijumwa kwa sababu kazi ya mkono wake ilisafiri mbali. Aliwanakilia tenzi watafiti wa Kizungu, akina Alice Werner na William Hichens, na baadaye Ernst Dammann aliyefika Lamu katika miaka ya 1930. Karatasi zilizotoka kwenye kibaraza kimoja leo zimegawanyika baina ya London na Ujerumani. Mwanafunzi wa Mombasa anayetaka kuziona kwa pamoja hana haja ya tovuti nyingine ya kifahari. Anahitaji maktaba hizo zikubaliane kwamba zinamzungumza mtu yule yule.

Makubaliano hayo hufanyika kwenye metadata, yaani zile taarifa fupi zinazofuatana na picha ya mswada: jina la kazi, mtunzi, tarehe, lugha, mahali, haki za matumizi. Zamani ziliandikwa kwenye kadi za maktaba. Mwaka 1995 wataalamu walikutana mji wa Dublin, ule wa Ohio kule Marekani, wakaanzisha seti ndogo ya vipengele ambavyo kila mtu angeweza kuvijaza. Ndiyo Dublin Core, na vipengele vyake vya msingi ni 15. Mwaka 2001 ikaja OAI-PMH, utaratibu unaoiwezesha kompyuta moja kuvuna taarifa hizo kutoka nyingine.

Kuvuna si kuunganisha, na hapo ndipo miradi mingi hukwama. Unaweza kuvuna rekodi elfu kumi, kila kipengele kimejazwa vizuri, na Kijumwa bado akabaki watu watatu.

Hata akiwa mmoja, anakusumbua kwa njia nyingine. Utendi wa Liyongo wa mwaka 1913 aliutunga yeye. Tenzi nyingine nyingi zenye mwandiko wake alizinakili tu, na watunzi wake walikuwa wamekufa zamani. Dublin Core ina kipengele cha mtunzi na kingine cha mchangiaji, lakini mnakili hana mahali pake. Kwa hiyo katika jedwali moja kati ya yale mawili, kila mswada uliotoka mkononi mwake ulikuwa umeandikwa kwamba yeye ndiye mtunzi. Aliyejaza hakufanya hila, aliona jina mwishoni mwa mswada akaliweka kwenye nafasi iliyokuwepo. Maktaba ya Bunge ya Marekani ina orodha ya misimbo ya dhima: “aut” ni mtunzi, “scr” ni mnakili, “fmo” ni aliyewahi kuumiliki. Herufi tatu tu, lakini kwa miswada yetu zina thamani kubwa, maana utendi ulipita mikono mingi na kila mkono una historia yake.

Utendi wa Tambuka nao una mambo yake. Mtunzi ni Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, na mswada wake maarufu uko Hamburg. Huko nyuma kazi hiyo imeitwa pia Utenzi wa Tambuka na Chuo cha Herekali, “chuo” kwa maana yake ya zamani ya kitabu. Msomaji wa leo asiyeijua maana hiyo anaweza kuipanga chini ya elimu ya juu. Tarehe yake ni 1141 Hijria. Wengi huandika 1728 wakaachia hapo, ilhali mwaka ule wa Hijria uliingia Agosti 1728 ukamalizika katikati ya 1729. Mimi huandika tarehe kama ilivyo kwenye mswada, kisha pembeni naweka 1728/1729. Ukifuta Hijria, umemnyang'anya mnakili kalenda yake.

Lugha ndiyo inayoniuma zaidi. Nimekuta tenzi za Kiswahili safi zimeandikiwa “Kiarabu”, kwa kuwa aliyeziorodhesha aliona hati ya Kiarabu akaamua. Miswada ya Msikiti wa Riyadha kule Lamu, ambayo picha zake ziko kwenye tovuti ya Maktaba ya Uingereza, mingi ni ya Kiarabu kweli, na ni sawa ikiitwa hivyo. Lakini utendi wa Kiamu, lahaja ya Kiswahili cha Lamu, ukiwekwa kundi hilo, anayetafuta Kiswahili hataupata kamwe. Lugha na hati ni vipengele viwili: andika “swh”, msimbo wa Kiswahili cha pwani (cha Kongo ni “swc”), halafu hati iandike “Arab”.

Hati hiyo ndiyo pia chanzo kikubwa cha tahajia nyingi. Katika miswada ya zamani herufi ya be hubeba b, p na mb, na ghaini hubeba g, gh na ng. Kila aliyehamishia maneno kwenye herufi za Kirumi alichagua kwa sikio lake. Kwa hiyo ninapinga kabisa ushauri wa “kusafisha majina”, yaani kuchagua tahajia moja na kufuta nyingine. Mpe mtu kitambulisho kimoja, kwa mfano namba ya Wikidata (hazina huria ya data mtandaoni) au ya VIAF (orodha ya pamoja ya majina ya maktaba za dunia), kisha weka tahajia zote chini yake, pamoja na jina lilivyoandikwa kwenye karatasi yenyewe. Namba inaunganisha, na hakuna jina linalopotea.

Ndivyo nilivyofanya kwenye yale majedwali. Ukitafuta Kijuma au Kijumwa, sasa unafika mahali pamoja, na alipotunga na alipokuwa mnakili pamebainishwa. Zimebaki rekodi 21 ambazo mnakili wake ni “hajulikani”. Kwa hizo hakuna namba ya kuazima popote. Nimechapisha picha zake kwa ukubwa, na wiki ijayo nakwenda Lamu kumwonyesha mzee mmoja ambaye akiitazama tu herufi ya kafu ilivyovutwa anaweza kukwambia ni mkono wa nani.