Mjuzi na mjuaji si visawe

Juzi nimesahihisha tena barua ya shukrani yenye sentensi hii: "Tunawashukuru walimu wetu wajuaji." Mwanafunzi alikusudia sifa, akaandika kashfa. Nilipomwita, alinijibu kama walivyonijibu wenzake wengi kabla yake: "Mwalimu, si yote yanatokana na kujua?"

Dhana: Maneno ya mzizi mmoja ni visawe, yaani yana maana moja, kiishio ni pambo tu.

Hapana, hapana kabisa. Mjuzi ni mwenye ujuzi, na ukimwita mtu hivyo umempa heshima yake. Mjuaji ni yule anayejifanya anajua kila kitu, anayekukatiza kabla hujamaliza kueleza. Kitenzi ni kilekile, na kiishio ndicho kilichowatenga watu hawa wawili.

Kiambishi -aji humtaja mtu kwa tendo analolifanya, hasa kwa mazoea. Msomaji anasoma, hata kama ni gazeti tu. Kiambishi -i mara nyingi huzaa jina ambalo limeshajitenga na tendo lenyewe: msomi amebobea katika elimu, na hata akikaa mwezi mzima bila kushika kitabu bado ni msomi. Kuna jozi zinazokaribiana, kama mpishi na mpikaji, na nadhani hizo ndizo zinazowaponza watu.

Chukua kitenzi tuma na minyambuliko yake. Tunapata mtume, mtumwa, mtumishi, mtumaji, mtumiaji. Hebu andika "mtumwa wa umma" mahali pa "mtumishi wa umma", kisha umpe mwenye cheo hicho aisome.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mara nyingi mzizi wenyewe si mmoja. Nimewahi kusoma jibu lililosema mtunzi wa mashairi ni mtu anayeyahifadhi yasipotee. Aliyeandika aliona "tunz-" akakumbuka kutunza. Lakini mtunzi anatokana na kutunga. Wa kutunza ni mtunzaji. Kiambishi -i mara nyingi hugeuza konsonanti inayokitangulia: linda hutoa mlinzi, pika hutoa mpishi, fuata hutoa mfuasi, lewa hutoa mlevi. Asiyeyajua mageuzi haya atakuwa anabahatisha mizizi.

Vitenzi navyo vina mtego huohuo. "Wamehama mtaa huu" maana yake wameondoka. "Wamehamia mtaa huu" maana yake ndio kwanza wamefika. Ni irabu moja tu, na habari imegeuka kinyume. Vivyo hivyo, anayemkimbia mtu anamwogopa, anayemkimbilia anamtegemea.

Dhana: Kiishio -ua hupindua maana ya kitenzi.

Ni kweli kwa funga na fungua, ziba na zibua, fuma na fumua. Ila kununua si kinyume cha kununa, na kuugua hakupindui chochote.

Dhana: Kila -ika (au -eka) ni kauli ya kutendeka, ile isiyomtaja mtendaji.

Vunjika na someka, sawa. Katika pika, zika na shika, hiyo k ni ya mzizi. Na katika anika, funika na bandika kuna mtu anayetenda kabisa: anakiweka kitu juu ya kingine au mahali fulani. Ukitaka kukiondoa, -ika inatoka na -ua inaingia: anua, funua, bandua. Jozi hizi ni nzuri mno, nawaomba mzishike.

Dhana: -ana ni kutendana. Mtu mmoja anaweza kutukana peke yake. Akijibiwa, ndipo wametukanana.

Dhana: -ni ni mahali. Nyumbani na kazini, ndiyo. Amani, thamani na sabuni si mahali, na "njooni" ni wito kwa watu wengi.

Mimi huwafundisha wanafunzi wangu kung'oa kiishio na kukikagua kilichobaki. Kikiwa ni neno lenye uhusiano na lile la kwanza, kiishio kina la kukuambia. Kisipokuwa hivyo, fungua kamusi kabla ya kuandika. Ukitafuta kisawe, toka nje ya mzizi huo kabisa. Kisawe cha mtunzi wa mashairi ni malenga, na hakuna kiishio kitakachokufikisha hapo. Utakipata kwa kusoma na kusikiliza. Kisha kiweke katika sentensi yako ileile uone kama habari imebaki palepale.

Yule mwanafunzi nilimrudishia barua yake. Alikaa nayo kidogo, akafuta "wajuaji", akaandika "mahiri".