Sarafu isiyochimbwa ni ya nani?

Ijumaa iliyopita, tulipomaliza chakula cha mchana nyumbani kwa ami yangu huko Kuze, alinisogezea simu yake. Amenunua sarafu fulani ya kidijitali. "Mwanangu," akaniambia, "kijana aliyeniuzia anasema hii haichimbwi kama Bitcoin, kwa hivyo haina mwenyewe. Ni kweli?"

Kazi yangu ni kuendesha nodi, yaani kompyuta zinazotunza nakala za madaftari ya malipo ya sarafu hizi, na swali la ami nimeulizwa mara nyingi. Kijana yule aliunganisha mambo mawili yasiyofuatana. Sarafu inaweza kutochimbwa na bado ikawa na mwenyewe kabisa, mwenye jina na ofisi.

Watu wengi hudhani kuchimba ni njia ya kutengeneza pesa tu. Kazi yake kubwa ni nyingine: kuamua nani aandike ukurasa unaofuata wa daftari. Chama chetu cha mtaani kina katibu, na daftari analo yeye. Akitaka kufuta malipo ya mtu, au kumruhusu rafikiye atumie shilingi ileile mara mbili, wengine watajua baadaye sana. Bitcoin, tangu Januari 2009, haina katibu. Kila dakika kumi hivi kompyuta hushindana kwa kuunguza umeme; anayeshinda huandika ukurasa na hulipwa, na tangu Aprili 2024 malipo hayo ni bitcoin 3.125 pamoja na ada. Anayetaka kughushi anahitaji zaidi ya nusu ya nguvu zote za mtandao, na bili ya umeme itamfuata kila saa anayoendelea kughushi.

Ukiondoa uchimbaji, lazima uweke kitu kingine mahali pake. Ethereum ilifanya hivyo tarehe 15 Septemba 2022. Sasa mwandishi hupatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa walioweka dhamana ya sarafu 32 za Ethereum (ETH) au zaidi, na anayetia sahihi kurasa mbili zinazopingana hukatwa dhamana yake. Matumizi ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99. Mimi naukubali utaratibu huu kwa moyo wote. Ni kazi safi ya uhandisi. Ila ETH 32 ni mamilioni ya shilingi, na wasio nazo hukusanya vidogo vyao kupitia huduma za pamoja. Moja kati ya hizo, Lido, imewahi kukaribia theluthi ya dhamana yote. Theluthi si namba ya hivihivi: wenye kiasi hicho wakigoma, mtandao hauwezi tena kuzifunga kurasa zake zisibadilike.

Kutawanya mamlaka hivi huitwa ugatuzi, neno ambalo sisi Wakenya tunalo tangu Katiba ya 2010. Tuna kaunti 47, na hakuna mtu mzima anayeridhika na kuhesabu ofisi za magavana. Tunauliza pesa zinatoka wapi, na nani anaweza kuzizuia. Kwenye sarafu pia nauliza hivyo, nikianzia siku ya kwanza: nani alipewa nini?

Nxt, iliyoanza 2013, iliundwa bila uchimbaji wowote. Sarafu zake zote bilioni moja ziligawiwa watu 73. XRP bilioni 100 ziliundwa zote mwanzoni, na bilioni 80 zikaenda kwa kampuni ya waanzilishi wake. Ethereum ilichimbwa miaka saba kabla ya kubadilika, na miaka hiyo ilisaidia kuzitawanya sarafu kwa watu wasiojuana. Hapo ndipo penye uzito. Mchimbaji mkubwa wa leo lazima anunue mashine mpya na umeme wa kesho, la sivyo atapitwa. Aliyegawiwa sarafu nyingi siku ya kwanza hubaki mkubwa huku amelala, na malipo ya dhamana yanamwongezea.

Kisa ambacho kila anayesifu sarafu hizi angepaswa kukijua ni cha mtandao wa sarafu wa Steem. Huko daftari liliandikwa na mashahidi, ishirini wa juu wakichaguliwa kwa kura, na kura ni sarafu ulizozifunga. Kampuni iliyoanzisha mtandao ilikuwa na fungu kubwa ambalo haikulipigia kura. Februari 2020 Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao mwingine wa sarafu, Tron, aliinunua kampuni hiyo. Mashahidi wakaingiwa na hofu, wakalifungia fungu lile. Tarehe 2 Machi yakatokea mapiku: masoko ya kubadilishia sarafu, yakiwemo Binance, Huobi na Poloniex, yalipiga kura kumuunga mkono Sun, kwa sarafu ambazo wateja walikuwa wameziweka kwao. Mashahidi wote ishirini wa juu wakaondolewa. Tena sarafu zilizofungwa kupiga kura zilichukua wiki 13 kufunguliwa zote, na wenyewe hawakuulizwa. Binance na Huobi baadaye waliondoa kura zao, lakini jamii ilikuwa imeshaamua. Tarehe 20 Machi walinakili daftari zima, wakaacha fungu la kampuni nje, wakaanza upya kwa jina la Hive.

Linganisha na Bitcoin mwaka 2014, kundi la wachimbaji la GHash.io lilipovuka nusu ya nguvu za mtandao. Wachimbaji walihama. Kuelekeza mashine kwenye kundi jingine ni kazi ya dakika chache, na mashine bado ni yako.

Lakini sitaki msomaji aondoke akidhani kuchimba ni kinga. Bitcoin nayo ina makundi machache yanayoandika kurasa nyingi. Na kompyuta yenyewe iko wapi? Novemba 2022 Hetzner, kampuni ya Ujerumani ya kukodisha seva, iliwazimia wathibitishaji, yaani waandishi wa daftari, wapatao elfu moja wa mtandao wa sarafu wa Solana. Kwenye orodha walionekana wengi, kumbe wamepanga nyumba moja.

Hapa Mombasa tuna mfano wetu. Mwaka 2013, kitongoji cha Bangladesh kilianza Bangla-Pesa, vocha za karatasi ambazo wafanyabiashara wadogo walidhaminiana. Waanzilishi walikamatwa, kisha mashtaka yakafutwa. Mradi ukakua ukaitwa Sarafu, ukahamia kwenye blokcheni, yaani daftari la kidijitali kama haya, bila mchimbaji. Iliwasaidia akina mama kuuza mboga siku ambazo shilingi zimekauka. Hata hivyo aliyesajili watu na kutoa vocha za mwanzo alikuwa shirika moja, Grassroots Economics. Kufaa ni jambo moja, kutokuwa na mwenyewe ni jingine.

Tukarudi kwenye simu ya ami. Tulifungua orodha ya wathibitishaji wa sarafu yake: tisa, wote wameteuliwa na kampuni iliyoitoa.

"Nikitaka kuweka mashine yangu dukani, niwe wa kumi?"

Nikamsomea kanuni. Maombi hupelekwa kwa kampuni, nayo hukubali au hukataa, na haina wajibu wa kutoa sababu.

"Na nikinakili daftari niende zangu, kama wale wa Hive?"

Programu yenyewe haikuwa wazi. Hakuna cha kunakili.

Ami alinyamaza, akamalizia kahawa yake. Jumatatu alinipigia simu: ameuza nusu, na kijana amemwahidi majibu kuhusu ile programu. Bado tunamsubiri.