Je, wajua kwa nini mfalme wa Uajemi aliikata rasi ya Athos?

Kaskazini mwa Ugiriki, eneo la Halkidiki limeingia baharini mithili ya vidole vitatu: Kassandra, Sithonia na Athos. Athos, ulio mashariki, leo unajulikana kwa monasteri zake 20 za Kiorthodoksi ambako wanawake hawaruhusiwi kuingia. Rasi hiyo ina urefu wa takriban kilomita 50, na karibu na ncha yake mlima unapanda hadi mita 2,033. Pwani yake ni majabali matupu. Chombo kikishikwa na dhoruba hakina pa kukimbilia.

Waajemi waliyaona hayo kwa macho yao mwaka 492 KK. Walikuwa njiani kwenda kuivamia Ugiriki, upepo wa kaskazini ukazibamiza merikebu zao kwenye miamba ya Athos. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne hiyo, anataja merikebu zipatazo 300 na watu zaidi ya 20,000. Hata kama hesabu imetiwa chumvi, ulikuwa msiba mkubwa.

Mfalme Xerxes wa Uajemi alipojiandaa kuivamia tena Ugiriki, hakutaka kuizunguka ncha ile. Akaamuru uchimbwe mfereji shingoni mwa rasi, ambapo nchi kavu ina upana wa kilomita mbili tu. Kazi ilichukua takriban miaka mitatu, kila taifa likipewa kipande chake. Wengi walichimba kingo zikiwa wima, udongo ukawaporomokea, ikawa kazi juu ya kazi. Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanoni ya leo, peke yao walianza na upana maradufu juu, wakaupunguza kadiri walivyoshuka, hadi chini wakalingana na wenzao. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa kisa chote: walijua kwamba udongo hutulia ukiachiwa mteremko.

Herodotus aliona ni majivuno tu, kwa kuwa merikebu zingeweza kuburutwa nchi kavu. Ana hoja, lakini kuburuta mamia ya merikebu za vita si kazi ya siku moja, na hofu ya Athos ilikuwa ya kweli.

Kwa kuwa mfereji ulifukiwa, wengi walitilia shaka kama uliwahi kukamilika. Tangu miaka ya 1990, wataalamu wa Uingereza na Ugiriki waliupima kwa mitetemo ya ardhini, wakaukuta chini ya udongo, upana wake juu ukiwa kama mita 30. Mashapo yaliyomo yanaonyesha ulitumika muda mfupi: merikebu za Xerxes zilipita mwaka 480 KK, na inaelekea hakuna aliyejishughulisha kuuzibua tena.