Nishushe, usinishushe

Nyuma ya karakana yangu hapa Bagamoyo, si mbali na soko la samaki, kuna ubao mrefu wa mvule nilioutoa kwenye jahazi bovu. Nimeuegemeza katikati juu ya gogo, watu wawili wakae, mmoja huku mmoja kule, wapande na kushuka. Kwa ndani nimeuchimba kama mfereji, nikatia nusu debe ya kokoto, nikafunika. Upande mmoja ukiinama, kokoto zinaukimbilia kwa kishindo kama mvua juu ya bati. Aliye chini anazidi kuwa mzito, aliye juu anabaki akining'inia mpaka mwenzake apende kujisukuma. Hiyo ndiyo sanamu yangu, na tangu niiweke nimesikia maneno mengi juu yake. Mengine nimeyacheka tu. Haya nayajibu.

"Hiyo si sanamu, ni pembea." Mama mkubwa alipouona alishukuru Mungu kwamba hauna uso. "Afadhali, hutuletei masanamu." Namwelewa, maana masikioni mwa watu wa pwani neno sanamu limebeba mfano wa kiumbe, na hapo mtu wa dini anasita. Lakini mchongaji anashughulika na umbo, uzito na nafasi, uso uwepo usiwepo. Isamu Noguchi, mchongaji wa Marekani mwenye baba Mjapani, mwaka 1933 alibuni mlima mzima wa kuchezea watoto wa New York, wakubwa wa jiji wakaukataa. Mwaka 1976 uwanja wake wa michezo ulifunguliwa kwenye bustani ya Piedmont, Atlanta, una bembea na vitelezo, na kwake yeye huo ulikuwa uchongaji kama kazi zake nyingine.

"Sanaa haishikwi." Hili linatoka kwenye kibao cha makumbusho, halikutoka kwa bibi zetu. Wazaramo na Wakwere wa mkoa huu wa Pwani wana mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, kichwani nywele zimegawanywa mafungu mawili. Mwali akiwekwa ndani anapewa, anakilea kama mtoto, anakipaka mafuta. Ni mwanasesere, na si mwanasesere. Binti anacheza umama akijua kwamba siku si nyingi haitakuwa mchezo tena, anautamani na anauogopa, na vyote viwili vimo katika kipande cha mti kinachoenea kiganjani. Leo baadhi ya wana hiti wako Ulaya na Marekani, ndani ya kabati za vioo, hawaguswi na mtu. Lygia Clark wa Brazili naye, kuanzia mwaka 1960, aliunganisha vibati vya alumini kwa bawaba ili mtazamaji avikunje na kuvikunjua apendavyo. Navyo vingi vimeishia kabatini. (Kioo kinahifadhi mti na bati. Mchezo hakiuwezi.)

Wapo pia wanaoniambia haya ni mambo ya Wazungu. Hao nawauliza kama wamewahi kuona mapiko ya Wamakonde, kichwa cha mti mwepesi kinachovaliwa na mchezaji ngoma, watoto wanakimbia wakipiga mayowe, halafu wanarudi wenyewe kukimbizwa tena.

Dhana iliyo kubwa kuliko zote hawaisemi kwa mdomo, unaiona kwenye swali. "Sasa huu ubao wako ni wa furaha au wa huzuni?" Kana kwamba moyo ni chumba cha kulala mgeni mmoja. Mgeni yeyote akifika mji huu, kabla hajamaliza chai ameshaelezwa jina lake: bwaga moyo. Mmoja atamwambia ni mpagazi aliyetembea kutoka bara na pembe begani, amefika pwani, anatua mzigo na kupumua. Mwingine atamwambia ni mtumwa anayeiona bahari na kujua kwamba kwao harudi. Watu hubishana ipi ni sahihi. Mimi naona cha ajabu ni kwamba maneno yaleyale mawili yanazitosha hadithi zote mbili.

Nenda kwenye msiba wenye watani. Wanyamwezi na watu wa pwani hii wanataniana, na wazee wanasema utani huo ulianzia njia za misafara. Mtani anavaa kanzu ya marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama yeye, anazuia jeneza mpaka alipwe ada. Mjane anacheka, upindo wa kanga mdomoni, machozi hayajakauka. Huwezi kumwambia huzuni yake imekwisha, wala kwamba kicheko chake ni cha uongo.

Wanasaikolojia nao wameliangalia jambo hili. Mwaka 2001 Jeff Larsen na wenzake huko Marekani waliwauliza wanafunzi siku ya mahafali na siku ya kuhama bweni, wakakuta wanaosema wana furaha na huzuni kwa pamoja ni wengi kuliko siku za kawaida. Wapo wataalamu wanaobisha, wanasema ni hisia mbili zinazopokezana haraka mno. Waendelee kubishana. Mchongaji hahitaji kungoja hukumu. Kwake inatosha kwamba mtu akiwa juu ya ubao, miguu haigusi chini, hawezi kujieleza kwa neno moja.

"Mchezo haubebi mazito." Tarehe 28 Julai 2019, wasanifu majengo Ronald Rael na Virginia San Fratello walipitisha mbao tatu za rangi ya waridi, za kupanda na kushuka kama wangu, kati ya nondo za ukuta wa mpaka wa Marekani na Mexico. Watoto wa pande zote mbili wakarushana kwa muda usiofika saa moja. Rangi ile ilikuwa ya kuwakumbuka wanawake waliouawa Ciudad Juárez, mji wa Mexico ulio mpakani. Mtoto wa huku hapandi hadi wa kule ashuke, hilo kila aliyekalia alilijua bila hotuba.

Na usidhani kitu cha kuchezewa ni rahisi kutengeneza. Mwaka 1971 jumba la sanaa la Tate, London, lilifungua kazi za mchongaji Mmarekani Robert Morris za mbao na kamba za watu kupanda na kusukuma, likazifunga baada ya siku nne kwa sababu watu walikuwa wanaumia. Ziliporudishwa mwaka 2009 zilikuwa zimeimarishwa. Mimi adui yangu ni chumvi. Bolti za kwanza ziliota kutu kabla ya masika kwisha, na mama mmoja aliondoka na kibanzi pajani. Nikanunua bolti zisizoshika kutu, nikaupiga ubao msasa siku mbili.

Jumamosi moja mvuvi mmoja alikuja na mjukuu wake, umri wa miaka sita hivi. Babu akakaa chini, kokoto zikamfuata, mtoto akapaa.

"Babu, nishushe!"

"Lete ada kwanza."

"Sina! Nishushe!" Anacheka, anafuta machozi. Babu akaanza kunyanyuka, ubao ukatikisika. "Usinishushe! Babu, naona ngalawa yetu!"

Waliendelea hivyo mpaka mzee akaishiwa pumzi. Mtoto alipogusa ardhi alinyamaza kidogo, akapangusa pua kwa mkono wa shati, akasema, "Sasa nawaita wenzangu tukae chini watatu, wewe juu."

Babu akautazama ubao, akaitazama bahari, akasema goti linamuuma.