Uzembe wa kitabibu: maana yake, na njia za aliyeumizwa

Si kila matibabu yaliyokwenda vibaya ni uzembe. Mgonjwa anaweza kufa mikononi mwa daktari hodari aliyetimiza wajibu wake wote. Kwa sheria za Kenya, uzembe wa kitabibu ni mhudumu wa afya kufanya, au kuacha kufanya, jambo ambalo mwenzake mwenye ujuzi kama wake asingelifanya au asingeliacha, na mgonjwa akaumia kwa sababu hiyo. Hiyo "kwa sababu" ndiyo ngumu: kosa lithibitishwe, madhara yathibitishwe, kisha ionekane kwamba hili limezaa lile.

Tuseme mama anajifungua Faza, kisiwani Pate, uchungu umekwama, anahitaji upasuaji Amu mjini, yaani Lamu, ng'ambo ya maji. Boti ikichelewa kwa kuwa maji yamekupwa au bahari imechafuka, nesi hana lawama. Lakini kama uchungu ulikwama saa mbili usiku na simu ya rufaa ikapigwa alfajiri, hapo pana la kujibu. Jawabu limo kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu: mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa, njia ya uzazi hupimwa kila baada ya saa nne. Nafasi zilizoachwa wazi, au za usiku kucha zilizojazwa kwa mkupuo mmoja, humwambia mtaalamu mengi.

Kwa hiyo anza na faili. Omba nakala yake yote kwa barua yenye tarehe, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiridhike na karatasi ya kuruhusiwa nyumbani. Taka fomu ya idhini, karatasi ya dawa, majibu ya maabara na barua ya rufaa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatoa siku 21 za kujibiwa. Kisha mtafute daktari wa fani hiyo hiyo atoe maoni kwa maandishi, maana hakimu si tabibu. Ila kitambaa cha upasuaji kikisahauliwa tumboni, hapo jambo hujisemea lenyewe.

Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno hushughulikia nidhamu na leseni. Wauguzi na maafisa wa kliniki wana mabaraza yao. Fidia ni kazi ya mahakama. Hakimu mkuu husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, kama iliyopo Malindi. Usingoje baraza limalize ndipo ushtaki, kwa sababu saa haisimami.

Na muda ndio unaowaponza watu. Dhidi ya hospitali ya binafsi una miaka 3 ya kushtaki. Dhidi ya Serikali, miezi 12 tu. Hospitali ya kaunti, hesabu miezi 12 ili usijute. Mahakama inaweza kuongeza muda iwapo mambo ya msingi yalikuwa yamefichika, lakini kuomba si kupewa. Sulhu ya wazee ni jambo jema, ila iendelee huku wakili ameshaandika madai. Na kusema "ni qadari", yaani ni majaliwa ya Mungu, hakumwondolei aliyepewa amana ya mwili wa mtu wajibu wa kujibu.

Mgonjwa akiwa amefariki, jamaa hupata kwanza idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu ndipo washtaki kwa niaba yake. Iombeni mapema, kwani siku za kuisubiri nazo zinahesabiwa.